Nilipima DNA kumtafuta babu yetu Mfaransa, nikakuta Baba aliokotwa njia panda

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, nyuzi zenu nazisoma kwenye basi nikicheka peke yangu kama chizi. Leo nimejikaza na mimi niandike. Kisa ni changu na cha familia yangu, sijatia chumvi. Kama nitaongeza hata kijiko, mods wanipige ban.

Kwa wasionijua, yaani nyote: mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Birmingham, mtaa wa Handsworth. Kazi yangu iko Hockley, kwenye karakana ya sonara. Nang'arisha pete za watu wanaokwenda kuoana.

Jina langu la ukoo ni Fournier. Linatamkwa "Furnie".

Mnaweza kufikiria vituko vyake. Nikienda hospitali, nesi anaita "Mr Fournier?", nasimama, ananiangalia, halafu anaendelea kuangalia nyuma yangu akimsubiri mzungu atokee.

Jina ni la Baba. Kwetu zamani kila mtoto alikuwa na jina lake mwenyewe, unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja hawafanani jina hata moja. Lakini tulipofika hapa kama wakimbizi, Baba ndiye alikuwa mkuu wa familia, basi sote tukaandikwa Fournier. Mke, watoto, mpaka shangazi yangu, mdogo wake Baba. Nchi za watu unaitikia tu.

Sasa Baba jina hilo alilipenda sana.

Alikuwa akisema babu yake mzaa baba alikuwa Mfaransa, mwoka mikate, alifika Bukavu akapenda ziwa na msichana mmoja wa Kishi, kabila letu. Ushahidi wake ulikuwa ni rangi yake ya maji ya kunde na pua yake. Pua ile ilikuwa imechongoka kidogo, na kila mgeni akija nyumbani lazima aonyeshwe kwa upande.

(Najua kuna wajuaji watasema Congo ilitawaliwa na Wabelgiji. Tulieni. Wabelgiji wanaosema Kifaransa wana majina hayo hayo.)

Maana ya jina aliambiwa na padri akiwa kijana. Zamani huko Ufaransa kijiji kizima kilikuwa na tanuri moja, mali ya bwana mkubwa. Kila mama anakanda unga kwake, anapeleka kuchomewa pale. Yule anayelinda tanuri na kuchoma mikate ya watu ndiye aliitwa fournier. Mimi nimekuja ku-google miaka hii na padri alikuwa sahihi kabisa.

Baba aliposikia hivyo ikawa basi. Akajifunza kuoka. Bukavu alikata pipa katikati, akaweka mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, na Jumamosi mtaa mzima ulijua ni Jumamosi. Sisi watoto tulikuwa tunapewa ule mkate wa kwanza, ulioungua upande mmoja, tunaugombania ukiwa bado unachoma vidole.

Hapa Handsworth aliendelea na oven ya nyumba tuliyopewa na council. Unga kwenye mikono ya sweta, redio ya Kifaransa, mlango wa nyuma wazi hata kwenye baridi. Majirani zetu Masingasinga wakawa wanaleta roti, wanaondoka na mkate. Mpaka leo nikipita mbele ya bakery yoyote Soho Road napunguza mwendo. Nammiss mzee wangu, wakuu. Nammiss sana.

Kabla hajafariki aliniomba kitu kimoja tu. Mtoto wa kwanza wa binti yangu Espérance apewe jina lake.

Nikamuahidi.

Hapo ndipo shughuli ilipo. Espé alikuja hapa mdogo, Kiswahili anasikia vizuri lakini anajibu kwa Kiingereza. Ni mtoto mzuri ila ana msimamo kama babu yake. Aliposhika mimba nikamkumbusha ombi la mzee.

Akaniambia, "Dad, no. I'm not giving my baby some coloniser's name."

Mume wake, Bahati, anafanya kazi kwenye ghala moja kule Washwood Heath, kijana mpole. Yeye akasema, "Papa, mimi sina neno, hii mambo ni ya Espé."

Na mjue kitu kingine. Hiyo ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa imeshakua, tulikuwa tumeshanunua mpaka kitanda. Safari hii Espé alikuwa haruhusu mtu anunue hata soksi. Ukisema "mtoto akija", anaondoka chumbani. Kwa hiyo kumsukuma nilikuwa siwezi, na ahadi niliyompa Baba ilikuwa pale pale.

Nikapata wazo ambalo niliona ni la akili nyingi. DNA!

Nikawaza: nikimwonyesha kuwa huyo Mfaransa ni damu yake kabisa, ni babu na siyo mkoloni tu, atalainika. Nikaagiza kile kichupa, nikatema mate mpaka mdomo ukakauka, nikatuma. Kazini nikawa natamba, nawaambia wenzangu wajiandae kuniita monsieur.

Majibu yakaja kwenye email.

Wakuu, hakuna Mfaransa.

Hakuna Mbelgiji. Hakuna Ulaya hata tone. Ni Mbantu juu mpaka chini. Ule upande wa baba kwa baba, ambao wanaume tunarithishana, wakanipa kundi linaloanza na herufi E, lile walilonalo wanaume wengi wa Kibantu. Wafaransa wengi wako kwenye R. Pua ya Baba ilikuwa pua ya Kishi, haikutoka popote.

Nilikaa na simu mkononi nikamwonea huruma Baba. Maisha yake yote alioka mikate kwa ajili ya babu ambaye hakuwepo.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwa Shangazi, ndiyo desturi yetu, fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Shangazi ni mtu mzima sana sasa, wajukuu wanamwita Koko, yaani bibi. Espé akachukua simu yangu akasoma majibu kwa sauti, halafu akaiweka mezani.

"So he wasn't even family. Dad, tunabeba jina la nani?"

Hilo "tunabeba jina la nani" alilisema kwa Kiswahili. Nikajua limemuuma.

Shangazi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha nikaona yale machozi hayakuwa ya kicheko tena.

"Bon," akasema. "Kaka yangu amesha kufa, kifo kilisha mupata. Sasa naweza kusema yenye mama aliniambia."

Hapa namwacha aseme mwenyewe, na Kiswahili chetu cha Bukavu mtanisamehe.

"Mbele baba yako azaliwe, mama yetu alizaa batoto bengine. Bote balikufa. Bengine hata jina habakupata. Kila akizaa, kifo kinajua njia ya ile nyumba. Njo vile bamama ba zamani bakamwambia: huyu mwenye anakuja, usimwite wako.

"Akamuzaa asubuhi. Akamufunga mu kitenge, akamuweka pa njia panda, akarudi mu nyumba akafunga mulango. Jirani yake alikuwa anafagia ku boulangerie ya muzungu mumoja, jina Fournier. Balikuwa bamesha patana na mama yetu. Yule jirani akapita, akajifanya anashituka. Akapiga kelele njia yote basikie: Nimeokota mutoto! Ni wa Fournier huyu, si wa hapa! Akamuleta kwa mama yetu, akamwambia: shika, umulee tu, si wako."

Nikauliza, na huyo mzungu?

"Ule muzungu hakujua kitu. Alikuwa anapika mikate yake."

Wakuu, hapo hapo nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu, mama yake Baba, hakuwahi kumwita Baba "mwanangu". Hata siku moja. Alikuwa anamwita "mgeni". Nikiwa mdogo namwona anafunua sufuria, anauliza, "Mgeni amekula?" Na Baba ni mtu mzima na ndevu zake. Sisi tulikuwa tunaambiwa ni kwa sababu ya damu ya kizungu, na mimi nikaamini. Kumbe mama wa watu alikuwa analinda.

Halafu zile enzi serikali ilipopiga marufuku majina ya Kizungu, Baba akatafutiwa jina lingine la kwenye karatasi. Shangazi anasema bibi alikataa kabisa. Nyumbani ilikuwa Fournier tu, tena kwa sauti, madirisha wazi, na kuna watu walifungwa kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

"Mbona hamkumwambia?" nikauliza. "Kafa hajui."

"Ukisema, inavunjika," Shangazi akanijibu. "Weye ungesema?"

Yaani watu walitunga uongo wa kudanganya kifo, wakautunza vizuri kiasi kwamba mwenye jina naye akauamini, akaenda kujifunza kuoka mikate. Na mimi nikatema mate kwenye kichupa.

Fufu imepoa. Bahati anaangalia sahani.

Espé alikuwa ameweka mkono tumboni. Tangu mimba hiyo ianze sikuwa nimemwona akifanya hivyo mbele ya watu. Akauliza polepole, "Koko, did it work?"

Shangazi Kiingereza chake ni cha sokoni, lakini hilo alilielewa.

Akanishika kidevu kama mtoto, na mvi zangu hizi, akanigeuza nimtazame Espé.

"Huyu ametoka wapi?" akamuuliza. "Na weye?"

Espé akalia. Sijawahi kumwona binti yangu akilia hivyo, maana hata ile mimba ya kwanza ilipotoka hakulia mbele yetu. Nami nililia, sioni aibu kusema. Tulimlilia Baba, tukawalilia na wale watoto wa bibi ambao hawakufika kwenye majina.

Nikamwambia Espé ahadi niliyompa mzee nimeiachilia, amwite mtoto anavyotaka. Alisogeza kiti chake karibu na Shangazi, wakaanza kunong'ona, na mimi nikafukuzwa nikaoshe vyombo.

Nilichojifunza ni kwamba mimi nilikuwa natafuta jina limetoka kwenye damu ya nani, na sikuwahi kuuliza lilikuja kufanya kazi gani. Kipimo hakikudanganya, lakini habari yenyewe alikuwa nayo Shangazi, anayekaa vituo vichache vya basi kutoka kwangu. Wazee wenu waulizeni mapema, ila na wao muwaelewe wakinyamaza.

Humu najua kuna wenye majina ya Kireno, ya Kijerumani, ya Kiarabu. Nyie mliambiwaje? Mwageni visa, nasoma vyote.

EDIT: Naona mnauliza sana inbox, Espé alijifungua nini, mtoto kapewa jina gani, lile la mzee au lingine.

Wakuu, Espé hana mtoto.

Ila asubuhi moja hivi Shangazi alifungua mlango wa mbele, akakuta kuna kitenge kimewekwa kwenye kizingiti. Jirani mmoja, mtu wa mbali sana na Bukavu, alikuwa anapita. Akainama, akaokota, akapiga kelele kuwa huyu ni wa kwao, si wa hapa, mtaa mzima ukatoka kuangalia. Akatukabidhi, tukaambiwa tulee tu.

Jina alilolitaja siandiki hapa. Siku moja wajukuu wa huyo mtoto watatema mate kwenye kichupa wakiitafuta nchi ya jirani yetu, na hawataiona. Waacheni watafute.

Sasa hivi nimewasha oven, nimeacha mlango wa nyuma wazi. Mgeni wetu amelala hapa pembeni, anavuta pumzi vizuri. Ana pua nzuri sana. Sijui kaitoa wapi.