Miwani ya Kutazamia Mwezi

Kijijini kwetu Kiongoroni, Ramadhani haiishi kwa uvumi. Huisha watu wawili waadilifu wanaposimama mbele ya shehe na kusema, kila mmoja kwa ulimi wake, kwamba mwezi ameuona kwa macho yake. Shehe huupeleka ushahidi huo kwa simu kwa wakubwa wake wilayani, nao huupeleka mbele. Kwa muda mrefu mimi nimekuwa mmoja wa hao wawili. Wa pili ni jirani yangu, mtani wangu tangu jandoni, mchuuzi wa nazi aliyestaafu biashara lakini hakustaafu maneno.

Nasema haya ili ieleweke kwamba sikutafuta miwani kwa ajili ya urembo. Mwezi wa Rajabu ulipoandama, watoto wa madrasa waliuona, mtani wangu aliuona, mimi nikaona moshi. Nikajua kwamba nisipofanya jambo, Shawwal, mwezi wa Idi, itanikuta nikisimulia nilichoambiwa na wengine, nami nilikuwa mwalimu miaka mingi mno hata nisiweze kuridhika na hilo.

Nikaenda Kibiti, kwenye duka la miwani. Mpimaji, mwanamke mpole wa makamo, alinikalisha mbele ya ubao wa herufi, akanibadilishia vioo kimoja baada ya kingine, wala hakuchoka nilipomweleza kwamba "afadhali kidogo" ni jibu lisilo na kipimo na kwamba aniulize upya. Alipomaliza aliandika vipimo kwenye karatasi, akaniambia, "Sasa Baba, chagua fremu nikupime na uso. Wiki ijayo urudi uivae hapahapa, nione inakukaaje."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kurudi Kibiti kutoka kwetu ni kungoja maji yajae, kupanda boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda kwa barabara ambayo masika huifanyia yapendavyo. Nikiwa Nyamisati nangoja boti, nikampigia simu mwanangu aliye Dar es Salaam, anitafutie njia.

"Baba, urudi Kibiti kufanya nini? Nipigie picha hiyo karatasi. Siku hizi miwani inaagizwa mtandaoni, inakufuata ulipo, tena kwa nusu ya bei."

"Na usoni mwangu ataipima nani?"

"Haina haja. Watu wote wananunua hivyo."

"Watu wote ni akina nani? Nitajie wawili."

"Baba nawe!"

Hakunitajia hata mmoja. Nami, kwa kuwa boti haingoji mtu amalize kubishana, nikapiga picha na kumtumia.

Jioni yake maswali yakaanza kuja kupitia kwa mwanangu. Duka hilo la mtandaoni lilitaka kujua kama uso wangu ni wa duara au wa mraba. Nikamjibu kwamba uso wangu ni wa mtu mzima. Lilitaka kujua rangi niipendayo. Nikamwambia nataka kuona, si kupendeza. Hatimaye likauliza swali moja la maana, umbali kati ya mboni na mboni, na hilo halikuwamo kwenye karatasi.

"Mpigie yule mpimaji," nikamwambia.

"Nimeshajaza, Baba. Nimeweka namba ile ya kawaida."

"Ya kawaida ya nani?"

"Ya watu wengi."

Kifurushi kiliingia kijijini katikati ya mfungo, kikiwa kimepanda basi, bodaboda na boti. Ndani mlikuwa na miwani, kitambaa laini, na kadi ya kunishukuru kwa kujiunga na familia yao, familia ambayo haikujua pua yangu imeanzia wapi. Nikaivaa. Vya karibu vilitulia. Vya mbali vilizaana: mnazi mmoja ukawa pacha, na msikiti wetu, ambao haujawahi kuwa na mnara zaidi ya mmoja, ukapata wa pili bila mchango wa muumini yeyote.

"Utazoea, Baba," mwanangu akasema. "Wanasema macho huchukua wiki mbili kuzoea."

"Wanasema nani?"

Nikaivaa hivyo hivyo, kichwa kikiniuma kila alasiri, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Baada ya Idi nilirudi kwa yule mpimaji wa Kibiti. Aliiweka kwenye mashine yake, akatia nukta ya wino katikati ya kila kioo, akanivisha na kunipa kioo cha kujitazamia. Nukta zote mbili ziliangukia nje ya mboni, upande wa masikio, kila jicho likivutwa njia yake. Akanitengenezea niliyonayo sasa, na alinirudisha kitini mara mbili kuikunja mikono ya miwani kabla ya kuniachia niondoke. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ya mwezi ishirini na tisa nilikuwa na ile ya watu wengi.

Magharibi yetu imezibwa na mikoko, kwa hiyo tulitoka hadi ukingoni mwa mto, pale miti ilipokatwa na anga likabaki wazi. Kijiji kizima kilikuwapo. Ng'ombe wa Idi walikuwa wamekwisha kufungwa kambani, na fundi cherehani alikuwa akiulizwa kanzu za watu. Mawingu ya masika yalikuwa yametanda, kisha yakapasuka kidogo.

"Ule!" mtani wangu akapaza sauti. "Juu ya ule mkoko uliokatika kichwa. Ule, mwembamba kama ukucha!"

Nikatazama. Niliona vitu viwili vyembamba vyeupe, ubavu kwa ubavu, kimoja kikiteleza kila nilipovuta pumzi. Nikaivua miwani: moshi. Nikaivaa tena: viwili. Akili ya kufumba jicho moja ilinijia, kama zijavyo akili nyingi, wingu lilipokuwa limekwisha kujifunga.

Shehe akamwandikia mtani wangu ushahidi wake moyoni, kisha akanigeukia. "Mwalimu, umeuona?"

"Nimeona vitu viwili vyeupe."

"Viwili!" mtani akadakia. "Shehe, huyu peke yake ni mashahidi wawili, na mimi wa tatu. Kesho Idi!"

Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kuwa kubembeleza. Mwalimu, toa mmoja, bakiza mmoja. Mwalimu, huyu mwenzio amekwisha kuuona, unangoja nini?

"Mwezi ni mmoja," nikasema. "Mimi nimeona viwili. Huenda ni mwezi, huenda ni pindo la wingu. Sijui nilichokiona, na asiyejua hashuhudii."

Shehe akainamisha kichwa. "Basi tunakamilisha thelathini."

Nilirudi nyumbani. Baada ya Isha redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana mahali popote nchini, na sauti ya mtani wangu ikavuka ua: "Umesikia, Mwalimu? Nchi nzima inafunga kwa miwani yako!"

Asubuhi alikuja mwenyewe, akapitia mlango wa nyuma, kanzu ikiwa imetuna ubavuni. Akachomoa chupa ya chai.

"Aliyeuona peke yake, ushahidi wake usipokubaliwa, hula kwa siri. Wewe ndiye uliyenisomea hukumu hiyo. Kwangu wote wamefunga, nikinywa wataniona. Nisitiri."

"Uliuona kweli?"

"Mwalimu, unanijua tangu tukioga uchi mtoni. Kwa utani nimekudanganya mara ngapi, sihesabu. Kwa mwezi, bado. Niliuona."

Alikuwa karibu, na vya karibu sihitaji miwani. Nikamtazama usoni na nikamsadiki pasi na shaka, na kusadiki kwangu hakukunihalalishia hata tone la maji. Mke wangu hakuwapo nyumbani; nikakomea mlango wa ua, nikatundika mkeka penye mwanya. Akamimina, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Haina sukari," akanong'ona. "Mkeo huiweka wapi?"

Nikaingia jikoni, koo limenikauka, kumtafutia.