Mtu Aliyekataa Kukimbia

Mwanamume anayeshona viatu vya watoto wa watu bure anataka nini? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo mwaka mzima tulioishi ploti moja ya vyumba vya kupanga huku Kisumu Ndogo. Alikuwa fundi wa viatu, ametoka Kitui, anaishi peke yake. Bibi hana. Kanisani haonekani. Na watoto wote wa ploti anawajua kwa majina! Mimi nimekaa Nairobi siku nyingi, sidanganywi na tabasamu.

"Fundi, nani amekutuma?" nilimuuliza siku binti yangu aliporudi na kiatu kimeshonwa.

"Kilikuwa kimefungua mdomo, mama," akasema huku anacheka. "Mtoto ataenda shule kidole kiko nje?"

Sikucheka. Nilimwambia asimguse mtoto wangu wala viatu vyake. Akasema sawa. Hata hiyo sawa yake sikuipenda. Mtu asiye na siri angekasirika kidogo, si ndio?

Siku hizo mtaani kulikuwa na uvumi wa watoto kuchukuliwa. Hakuna aliyemjua mtoto mwenyewe, lakini kila mtu alikuwa na shemeji anayemjua mtu anayejua. Nikaanza kumchunga fundi. Nikifua nguo za watu kule Highrise, mikono iko kwenye beseni, mawazo yako kwake. Jirani yangu anayeuza samaki wa omena nilimwambia, huyu mtu iko siku atatutoa machozi. Akaniambia nina roho mbaya. Nikamwambia tutaona.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua, ile mvua ya kupiga mabati mpaka husikii redio ya jirani, na redio ya jirani yangu si mchezo. Binti yangu alikuwa ametangulia na wenzake kwenda shule, upande wa Ayany. Nikatoka mbio kumpelekea sweta aliyoisahau. Kufika kwenye kona ya kichochoro, namwona fundi amesimama katikati ya njia, mikono ameitandaza kutoka ukuta hadi ukuta, anawafokea watoto. Binti yangu akajaribu kupenya chini ya mkono wake. Akamshika kola, akamrusha nyuma. Mtoto akaanguka kwenye matope, akalia.

Nikapiga nduru. "Woi! Mwizi wa watoto! Anachukua mtoto!"

Anayeishi huku anajua neno hilo linaweza kumfanya mtu nini. Ningesema sikufikiria, lakini nilikuwa nimefikiria mwaka mzima, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Milango ikafunguka, wanaume wakatoka, wengine vifua wazi. Jiwe la kwanza lilimpata fundi begani. La pili likampasua juu ya jicho. Alikuwa akisema kitu, lakini mvua ilimeza maneno yake. Akabaki pale pale, mikono imetandazwa.

Jirani yangu wa omena ndiye aliyejitosa katikati. "Ngojeni kwanza! Mwizi gani huyu hakimbii?"

Hapo ndipo tulipoangalia nyuma yake. Waya wa stima, ile ambayo vijana hutuungia kutoka kwa nguzo, ulikuwa umekatika, ncha yake imelala kwenye dimbwi lililoziba njia yote, inatoa cheche. Hatua tatu tu kutoka pale mtoto wangu alipokuwa akipenya. Fundi angekimbia kuokoa maisha yake, watoto wangepita.

Hakushusha mikono mpaka kijana mmoja alipopaaza sauti kwamba stima imezimwa. Damu ilikuwa imemjaa jicho moja. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Yule msichana niliyemrusha, ameumia?"

Wanaume wakaanza kuangusha mawe polepole, kila mmoja akitafuta wa kulaumiwa. Mmoja akafoka, "Nani alipiga nduru? Ajitokeze hapa!" Nilijua hasira ile ingenigeukia mimi.

Fundi alinitazama. Kati yetu hapakuwa hata na hatua mbili. Sauti yangu aliijua vizuri, tumetenganishwa na bati moja mwaka mzima.

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Sikuona mtu."

Wanawake wakanizunguka, wakamwinua binti yangu, wakampangusa matope. Pole mama, wakaniambia, Mungu ni mkubwa. Nikaitikia, asanteni. Jirani yangu wa omena peke yake ndiye hakunipa pole.

Fundi alihamia Kawangware kabla kidonda hakijakauka vizuri. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nimeenda huko mara mbili kumwambia kwamba ni mimi niliyepiga nduru, kana kwamba hajui. Nimefika hadi mlangoni, nikamsikia akikohoa ndani, na mara zote mbili nimerudi nyumbani bila kubisha.