Siku Taa Zote Zilipozimwa Pamoja

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi, mti ulimwangukia baba msituni, upande wa Walikale, na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Sisemi ili nihurumiwe. Nasoma polepole, naandika kwa herufi kubwa, lakini mtambo wa maji unaowasha nyumba arobaini huku juu ya Bihambwe nimeutengeneza kwa mikono hii. Wenye diploma wamekuja kuupiga picha.

Mtambo wa mto una shida moja. Maji yanausukuma kwa nguvu ileile, na taa za watu ndizo mzigo wake. Watu wakizima taa, mzigo unapungua, gurudumu linakimbia, umeme unapanda. Zamani nilishinda mtoni, nikifunga na kufungua maji kwa mkono. Nilipozeeka nikafunga kibao chenye kompyuta ndogo, kama kiberiti kwa ukubwa. Kilipima umeme kwa mguu wake mmoja, kijiti cha chuma kinachopokea waya. Umeme ukizidi, kilipeleka ziada kwenye pipa la maji, yakachemka. Wanawake wakawa wanachota maji ya moto bure, wananisifu.

Mguu ule hauvumilii zaidi ya volti tano. Nilipunguza umeme kwa transfoma ndogo na rezistansi mbili za kuubana, nikapima, nikakuta tatu na nusu, nikaridhika. Mama aliyeniuzia kibao, mtu wa Butembo mwenye duka Mushaki, hakuridhika nilipomweleza dukani kwake.

"Papa, siku courant itapanda, hii muguu itaungua. Ongeza rezistansi ingine mbele yake, na hii diode ya zener. Volti zikipita tano, diode iko inazimwanga chini, muguu inabakia muzima."

"Miye nilianza kufunga waya wewe ukiwa bado mu mugongo ya mama yako."

"Njo vile, Papa. Lakini courant haiangaliake mvi."

Wateja walicheka. Diode alikuwa amekwisha kuifunga kwenye karatasi, bila kunidai kitu. Niliiacha mezani nikatoka. Ni kwa sababu ya kile kicheko, hakuna sababu nyingine.

Wakati wa mvua mke wangu akaugua mapafu. Kituo cha afya kilikuwa na mashini moja ya oksijeni, na ilitumia umeme wangu. Siku ya tatu alikunywa uji, akaniuliza nani anakamua ng'ombe.

"Papa, mashini isizime siku mbili tena tu," muuguzi aliniambia. "Ataenda nyumbani na miguu yake."

"Courant yangu haizimake," nikamjibu.

Niliweza kukaa kando ya kitanda kwa sababu kibao kilikuwa mtoni badala yangu.

Siku hiyohiyo, saa moja jioni, risasi zikalia nyuma ya kilima. Huku kwetu risasi zikilia, kila nyumba inazima taa, hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Mimi nilijua. Tangu nifunge kibao risasi hazikuwa zimelia, na wakati nakifunga sikuwaza hata kidogo kwamba nyumba arobaini zitazima kwa pumzi moja.

Zilizima. Volti zikaruka, mguu ukaungua. Na mguu uliokufa hausemi umekufa, unasoma sifuri. Kibao kikaamini umeme ni kidogo, kikakata pipa. Gurudumu likabaki na mashini ya mke wangu na balbu ya chumba chake tu. Niliona balbu hiyo ikiwa nyeupe, nyeupe kabisa, halafu ikapasuka. Mashini ikatoa moshi.

"Papa, fanya kitu!" muuguzi alipiga kelele gizani. "Si njo weye mwenye courant?"

Nilikimbia mtoni nikafunga maji. Ilikuwa kazi bure. Niliporudi mke wangu alikuwa bado anavuta pumzi, kwa kukwaruza, akanishika mkono. Hakufika asubuhi. Kesho yake tuliambiwa ni mlevi mmoja tu, alikuwa akipiga hewani.

Baada ya maziko nilishuka Mushaki.

"Nipe ile diode," nikasema.

"Pole, Papa."

Alinipa kumi. Sikumwambia kwamba alisema kweli, na yeye hakuniuliza.

Sasa kila kibao ninachofunga kina rezistansi na zener mbele ya mguu, na kikisoma sifuri kinatupa umeme wote kwenye pipa. Kabla hakijatoka mezani ninapandisha volti kusudi, nione mguu unabaki mzima. Vijana wakiniletea cha kwao bila diode, ninawarudisha nacho. Wananiita mzee mkali. Wanaweza kuniita watakavyo.

Leo nina mtambo mmoja. Nyumba ya mbao, mabati kumi na sita. Ng'ombe wawili, mmoja hazai tena. Shamba la viazi. Vipima volti viwili. Watoto watano, wote wana nyumba zao. Kaburi moja la saruji, nililolijenga mwenyewe.