Sauti Iliyolijua Jina Langu

Nilipokuwa mtoto pale Sydenham, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, bibi yangu alinikataza kuitika jina langu kabla sijasikia limetamkwaje. Tulimwita Koko. Alikuwa Mlese kutoka msitu wa Ituri, huko Kongo, na katika Durban nzima hakuwahi kumpata Mlese mwenzake. Mama alikielewa Kilese, lakini alimjibu kwa Kiswahili.

Jina langu ni Magbo. Ile gb hutoka kwa pigo moja, midomo na koo vikiachia pamoja, kisha sauti hupanda. Majirani na walimu walishindwa, wakaniita Mago.

"Mizimu ya msitu inajua jina ya kila mtu," Koko alinionya, "lakini haina midomo ya kusema gb. Ikikuita vibaya na hauione, usiitike. Itakubeba."

"Hapa hakuna msitu, Koko."

"Iko miti ya kutosha."

Mwaka 2015 wageni walianza kushambuliwa. Mchana mmoja tulikuwa saluni kwa Mama, katikati ya mji, umati ukaingia mtaani na marungu. Tukakimbia. Mkono wa Koko ukaniponyoka, nikajibanza chini ya ngazi za jengo moja, nyuma ya mapipa ya taka.

Mwanamume nisiyemwona akaita, akianza kwa "njoo, dada" ya Kizulu, "Mago! Mago! Woza, sisi, mama yako iko huku!"

Nikauma ukosi wa sare yangu nisije nikaitika. Aliita tena, kisha hatua zake zikapotea.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikasikia, "Magbo!" Pigo lile, na mwisho ukipanda. Nikatoka mbio.

Kwa miaka mingi niliamini mwiko wa Koko ndio ulioniokoa. Sasa sina hakika. Huenda yule bwana alikuwa mtu mwema, amemsikia Mama akinitafuta. Ninachokijua ni kwamba siku ile wenzetu wote walifunga midomo barabarani, maana neno moja la kigeni lilitosha kukuponza. Koko alilijua hilo. Hata hivyo alipita katikati ya mtaa akipaza sauti ya kwao, kona baada ya kona, mpaka akanipata.

Alifariki kabla sijakua. Mara nyingi namkumbuka siku ile, pale chini ya ngazi, alivyonishika uso kwa viganja viwili, akaniuliza kitu kwa Kilese. Nililia tu. Sikuwa na neno hata moja la lugha yake la kumjibu.