Mikunjo ya Shati la Marehemu

Mchoraji huyu walimwita Babu Polepole, na jina lilimkaa kama kofia ya zamani. Ngozi ya mtu aliijenga kwa rangi za mafuta, tabaka nyembamba juu ya tabaka, kila moja akiisubiri ikauke. Rangi nyeusi hakuigusa. "Nyeusi ni ya masizi ya sufuria," alisema. "Mtu mweusi ana wekundu ndani yake, na buluu kidogo kwenye taya."

Mjane mmoja alimletea picha ya kitambulisho na shati la mumewe marehemu, ili amchore. Uso wa mume ulikuwa umeanza kumtoka kichwani, na hofu yake ilikuwa hiyo: asije akaamka siku moja asiukumbuke.

Uso ulikwenda vizuri. Shati ndilo lililosumbua. Kwa mapenzi yake, mjane alikuwa amelifua na kulipiga pasi mpaka likanyooka kama karatasi, bila mkunjo hata mmoja wa mwili wa mumewe. Mama wa watu, amemfua mume mwenyewe akatoka na maji, Babu aliwaza. Si kila neno la kweli lina pa kutua.

Basi mdogo wa marehemu akavalishwa shati, akakalishwa kitini karibu na dirisha.

"Fundi, nimekuwa sanamu? Hata nzi anatua juu yangu bila hodi!"

"Tulia, bwana. Ukicheka mkono wote unahama."

Mjane alipokuja kutazama, alisimama mbele ya turubai. Kwenye paji la uso aliitikia kwa kichwa. Macho yalipofika kwenye mkono, akatikisa kichwa.

"Uso ni wake. Mkono si wake."

"Ah, shemeji, mkono ni mkono tu!" mdogo wa marehemu akadakia.

"Wako huo. Yeye alikuwa akiegemea kushoto, kiwiko kikizama kitini."

Rangi ya mkono ilikuwa bado mbichi. Babu akachukua kitambaa, akaufuta mkono mzima, kazi ya siku nyingi. Mdogo wa marehemu akashika kichwa.

"Nionyeshe, mama," Babu akasema.

Mjane akaliomba shati, akalivaa juu ya gauni lake. Akaketi, akaegemea kushoto taratibu, kama mtu anayempisha mgonjwa kitandani. Mikunjo ikaja yenyewe. Babu akauchora mkono upya.

Sasa picha iko ukutani kwa mjane. Wageni husifu uso. Yeye akipita hutazama kiwiko, na shati lenyewe halijaona pasi tena.