Kibao Chenye Majina Matatu

Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni niliyoifanyia kazi Johannesburg ilinituma Japani wiki mbili kujifunza mitambo mipya. Siku ya mwisho mwenyeji wangu, mhandisi mzee mpole aliyeinama kila alipokupa kitu, alinipeleka kando ya bahari kuona mahali patakatifu pa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani. Nilikwenda kama mtalii. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walidai nilikwenda kutambika.

Palikuwa na lango la mbao lisilo na milango, na mbele yake, majini, majabali mawili, moja kubwa na moja dogo, yamefungwa pamoja kwa kamba nene ya majani makavu ya mpunga. Mzee aliniambia kwamba hao ni mume na mke. Kamba huliwa na chumvi na mawimbi, kwa hiyo watu hukusanyika mara kadhaa kwa mwaka kufunga nyingine. Nilisimama nikiitazama mpaka baridi ikanipenya viatuni. Mimi na mke wangu tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Madaktari walitupima wote wawili wakasema hawaoni kasoro, jibu ambalo halikutusaidia chochote. Kanisani kwetu Johannesburg, Wakenya wenzetu wa rika letu waliitwa Baba Fulani na Mama Fulani; sisi tulikuwa bado Braza na Sista.

Mzee alinionyesha namna ya kufanya: unanawa mikono kwa kata, unasukutua, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Nikafanya yote kwa adabu ya mgeni. Kisha akaninunulia kibao cha mbao, ukubwa wa kiganja, akanipa na kalamu. Unaandika ombi lako, unakitundika pamoja na vya wengine. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaandika kwa Kiswahili: mke wangu apate mtoto.

Ningeishia hapo, pengine yote yasingetokea. Lakini mimi nimefunzwa kuomba katika kanisa letu la mtaa wa Doornfontein, ukumbi ulio juu ya karakana ya mafundi cherehani, ambako kila Jumapili tulijaza kadi za maombi. Mchungaji wetu, Mkongo wa Bukavu, alikuwa mkali sana kuhusu kadi hizo. Jina kamili, jengo, nambari ya mlango. Mji huu una milango mingi, alisema, malaika asije akabisha kwa jirani. Basi pale ufukweni, bila hata kufikiri, nikaongeza majina yote matatu ya mke wangu, jengo letu la mtaa wa Bertrams, ghorofa ya nne, na nambari ya mlango. Vibao vya wengine vilikuwa na mistari miwili tu. Nikapiga picha, mjinga mimi, nikiwa na furaha.

Nilipomwonyesha mke wangu, akasema, "Kumbe ulinikumbuka mpaka huko." Nilidhani amefurahi, na bado nadhani kweli alifurahi. Lakini Januari siku zake zilichelewa wiki mbili. Hatukuthubutu kulizungumza. Alianza tu kupanda ngazi polepole, nami nikawa nambebea kila kitu hata mkoba. Siku ya kumi na tano damu ikaja. Jumatano iliyofuata, kwenye maombi ya akina mama, aliwaonyesha ile picha.

Jumamosi asubuhi kiongozi wa akina mama, msusi wa nywele kutoka Kongo, alikuja nyumbani kwetu. Hakukubali kuketi.

"Papa, majina yote tatu? Na numero ya mulango? Sasa mapepo batapotea namna gani? Ulibaonesha njia yote!"

"Mama, nilikuwa namwombea mtoto."

"Kwa nani?"

Nilitaka kusema, kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikia, lakini mke wangu alikuwa ameshafunga begi. Angekaa kwa yule mama mpaka kibao kiondolewe. "Wewe kiondoe tu," akaniambia bila kunitazama, "nitarudi."

Kiondoe! Utadhani Japani ni Pretoria. Nikamwandikia mhandisi barua pepe, kwa aibu iliyoje. Jumapili mahubiri yalikuwa juu ya kikulacho ki nguoni mwako, na kila aliyekuwa nyuma yangu alinitazama kisogoni. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mzee aliomba radhi kwa usumbufu. Vibao vya mwaka ule, alieleza, vilikuwa vimekusanywa na kuchomwa moto kwa ibada, kama ilivyo desturi, ili maombi yapande juu. Alitumaini kwamba letu limefika.

Nikaenda kwa mchungaji. "Kimechomwa," nikamwambia. "Wamekichoma wenyewe, kwa heshima, ndiyo desturi yao." Hayo ya mwisho hayakuingia masikioni mwake. "Moto!" akapaza sauti. "Bwana ametuma moto!" Ningeweza kumsahihisha. Nikakumbuka nyumba ilivyokuwa kimya, nikafunga mdomo.

Jumapili mke wangu akapewa kipaza sauti. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Alisema tumbo lake limefungwa miaka sita na hakujua nani amelifunga. Sasa anajua: ni kibao alichoandika mume wake, na Mungu amekichoma. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Miaka sita! Kibao hakikuwa na miezi minne. Hakuna aliyehesabu, hata Wakenya wenzangu wanaofanya kazi benki, wanaoshinda na hesabu wiki nzima, sasa walikuwa mstari wa mbele wakipiga makofi. Nami nikasema Amina, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeliona begi lake karibu na mlango.

Tulirudi Bertrams kwa miguu, begi nimelibeba mimi. Nilikuwa na hasira hadi meno yakaniuma, na nilikuwa na furaha, na niliionea haya furaha hiyo. Tukasimama kusubiri taa. Akanishika mkono.

"Nimekusamehe," akasema, kwa upole wa kweli.

Taa ikawaka kijani, tukavuka. Tunaishi pamoja bado, na mtoto hajaja. Msamaha ule sijamsamehe mpaka leo.