Aliyeonja Baruti Kwanza

Kwetu Bukavu mtu hanywi kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Chupa ya bia inafunguliwa mbele ya macho yako, mwenye nyumba anajimiminia kidogo, anameza, ndipo anakujazia wewe. Ukitoka nje kidogo ukaacha glasi yako mezani, ukirudi hiyo si yako tena. Tunaogopa karuho, sumu ambayo watu husema haikuui leo wala kesho. Inakula taratibu mpaka ndugu zako wasahau ulikunywa kwa nani. Sijui kama nimewahi kumwona mtu aliyekufa nayo kweli. Najua tu kwamba nililelewa kuiogopa, na nilipofika Stockholm kama mkimbizi nilikuja na hofu hiyo, koti moja na cheti cha ubatizo.

Ndiyo maana mzee mmoja wa kazini aliponimiminia kahawa mara ya kwanza, niliimwaga kwenye chungu cha maua.

Tulikuwa tunafanya kazi katika ghala moja kule Jordbro. Mimi nilipanga masanduku, yeye alitengeneza foklifti, magari ya kunyanyulia mizigo, zilizoharibika, na alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alikuwa Mswidi mrefu, mjane, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alinijazia kikombe kutoka kwenye thamosi yake, kisha akaenda kunawa grisi mikononi. Aliporudi alikuta kikombe kitupu na ua linatoa mvuke. Hakukasirika. Aliniuliza sababu, nami kwa Kiswidi changu cha kuokoteza nikamweleza desturi yetu. Akafikiri kidogo, akajimiminia, akanywa, akanitolea ulimi niukague, ndipo akanijazia mimi. Kuanzia siku hiyo hakunipa kahawa hata mara moja bila kuionja kwanza. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizopewa katika nchi hii. Sikumwambia hivyo, na kumwamini bado sikumwamini.

Mwaka wa pili akanialika twende klabu yake kupiga shabaha. Fikiria: Mzungu anakualika msituni, yeye ana bunduki, wewe una mkate wa jibini. Nilimwandikia mke wangu mahali tunapokwenda kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji, ili polisi wajue pa kuanzia. Mke wangu aliisoma akashika kiuno.

"Bunduki njo zilitufukuza kwetu, na weye unazifuata tena huku? Uko na akili kweli, baba?"

Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa hasira. Maisha yangu yote nilikuwa nimeisikia bunduki kutoka upande wa mbele tu. Nilitaka kujua upande wa nyuma kuna nini.

Upande wa nyuma kulikuwa na hesabu. Kulikuwa na kupumua, kunyamaza, na karatasi yenye duara umbali wa mita mia tatu. Nilipenda, na nikaona aibu kwa kupenda. Nikasoma kozi, nikafanya mtihani, nikaomba leseni polisi na kungoja wanikatalie. Hawakunikatalia, jambo ambalo pia nililitilia shaka.

Wanaotaka shabaha ya kweli hawanunui risasi za dukani. Wanajaza wenyewe. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalitia fataki mpya kitakoni, unapima baruti kwa mizani ndogo, unaimimina, kisha unakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Mzee alifanya kazi hiyo kwake Fisksätra, katika chumba ambacho marehemu mkewe alikuwa akishonea. Mashine ya kukandamizia alikuwa ameifunga kwa bolti kwenye meza ya cherehani, na baruti ilikaa katika sanduku la mbao lenye kufuli. Kila Jumamosi nilipanda treni mpaka Slussen, kisha kile kitreni kinachokwenda Saltsjöbaden, nikashukia kwake. Alifungua mlango, akaonja kahawa, akanipa, tukaanza.

Alikuwa na sheria zake. Kopo moja tu la baruti mezani, mengine yabaki yamefungiwa. Baruti iliyosalia kwenye chombo cha kupimia irudi kwenye kopo lake kabla kopo lingine halijaguswa. Kopo lisilo na lebo, likamwagwe. Kipimo ulichoambiwa na mwanachama mwenzako, kisahau. Na baruti inusiwe kila mara: nzima hunukia dawa ya kufutia rangi ya kucha, iliyooza hutoa harufu kali ya uchachu.

"Usimwamini mtu yeyote," aliniambia. "Hata mimi."

Jamani, nilijiona nimefika nyumbani! Kanisani kwetu watu walinicheka kwa kunusa soda kabla ya kunywa, na binti yangu alikuwa akininong'oneza kwa Kiswidi nisimtie aibu. Kumbe kulikuwa na mchezo mzima ambamo mtu wa shaka ndiye mtu wa maana.

Majira yote ya baridi tulilinganisha baruti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hapa hapa Uswidi, vijiti vyeusi vifupi kama majani ya chai ya rangi. Ilipita kwa shida kwenye chombo cha kupimia, vijiti vikikwama na kukatika, kwa hiyo kila kipimo ilibidi kimaliziwe punje kwa punje kwenye mizani. Ya pili ilitoka ng'ambo, punje za mviringo zilizotiririka kama mtama, kipimo kikitoka sawa kila mara. Kwa uvivu wangu niliipenda ya pili. Vitabu vya viwanda vyote viwili vilisifu mali yao, lakini mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo sikusoma sifa. Nilisoma karatasi zangu za shabaha na mashine ya kupimia mwendo wa risasi. Januari, vidole vikiwa vimekufa ganzi, punje zile nzuri zilipungua mwendo na matundu yakatawanyika juu na chini. Vijiti havikujali baridi. Matundu matano yalikaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa sarafu. Nikachagua vijiti, mzee akatabasamu. Yeye alikuwa ameshavichagua miaka ishirini kabla, na hakuwa ameniambia neno.

Vuli iliyofuata nilimshinda katika mashindano ya klabu. Alinipa mkono. Mimi nikautazama uso wake kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Mambo yakaanza kuharibika majira ya baridi hayo. Jumamosi moja nilifika nikakuta chombo cha kupimia kimeshajazwa. Nikauliza, akasema ni vijiti vyetu vilevile, ametaka kuokoa muda. Mzee huyu, ambaye hakuwahi kufungua kopo nisipokuwa nimekaa! Nilijaza risasi zangu, lakini roho ikakataa. Kiwanjani mashine ikaonyesha mwendo ulioruka bila mpango. Risasi moja ya kawaida, inayofuata kali, na bolti ya bunduki, ile inayofungia risasi ndani, ikawa nzito kufunguka. Nikaziacha zilizobaki. Wiki mbili baadaye ikawa vilevile. Nilimwambia, akasema labda mizani yangu imenidanganya. Mizani ilikuwa yake.

Nikajiambia: nimemshinda, sasa ananiharibia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikesha nikiwaza, nikamweleza mke wangu, naye akaniuliza mzee wa watu angepata nini kwa kuniumiza. Nikamjibu kwamba swali hilo ndilo tulilokuwa tukiulizana Bukavu kila tulipozika mtu. Nilikuwa na rafiki mmoja tu Mswidi katika nchi nzima, na nilitaka kwa kila hali kujua kama ananitakia mema au ananimaliza polepole. Sikutaka kuuliza. Nilitaka kumkamata.

Jumapili ya mwisho wa Machi tulikutana kiwanjani, sisi wawili peke yetu. Alikuja na kopo la vijiti chini ya kwapa.

"Hili ni lako," akasema. "Jipya. Nimelifungua jana nijazie risasi tano za kujaribu."

Lakiri ilikuwa imekatwa. Nikamwambia sichukui kopo lililofunguliwa nisipokuwepo. Nilisema kwa ukali. Akanitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sawa. Basi nitaonja kwanza."

Akalala kwenye mkeka, akavaa miwani na viziba masikio, akatia risasi. Nami nikamimina baruti kidogo kutoka kwenye lile kopo juu ya mfuniko wake. Vijiti vyeusi. Nikautikisa mfuniko. Katikati ya vijiti vikatokea vipande bapa, vyembamba, vidogo kama maganda ya ufuta. Nilivijua. Ilikuwa baruti ya bastola, ya kopo lililokaa juu kabisa katika sanduku lake, ile iwakayo upesi na isiyotakiwa kabisa ndani ya risasi za bunduki ndefu kama zetu.

La kwanza lililonijia lilikuwa furaha. Nimekukamata! Nilifurahi, Mungu anisamehe. La pili likaja nyuma yake: mtu aliyetega mtego hawezi kulala juu yake. Bunduki ilikuwa begani mwake na shavu lake juu ya kitako. Nilijua, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sekunde mbili, labda tatu. Nilitaka kuona. Kwetu anayetoa ndiye anayeonja, na nilingoja aonje.

Mlio haukuwa mlio wa siku zote. Alitupa kichwa nyuma, moshi ukatoka pembeni ya bolti, na shavu lake likawa jeusi kwa masizi na damu kidogo. Miwani iliokoa macho. Nilimgeuza, nikamvua viziba masikio, nikamwita kwa Kiswahili bila kujua. Alipumua. Akaona mfuniko mkononi mwangu, akaviona vipande bapa.

"Nani kaichanganya?" akauliza. Kisha akanitazama mimi. "Ni wewe?"

Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyempenda. Nilielewa siku hiyo jinsi macho yangu yanavyowapata wengine.

Hospitali walimsafisha shavu, nikampeleka Fisksätra. Sanduku la baruti lilikuwa wazi. Mezani kulikuwa na makopo matatu, yote bila mifuniko, na chombo cha kupimia kimejaa nusu. Kwenye dirisha kulikuwa na vikombe vinne vya kahawa, kila kimoja kimenywewa kidogo tu. Alikuwa ameonja, akasahau, akamimina tena. Kwenye droo za marehemu mkewe kulikuwa na karatasi za kunata kwa mwandiko wa mzee: soksi, funguo, Jumamosi anakuja rafiki. Alikuwa akirudisha masalio kwenye kopo lolote lililokuwa karibu. Hakukuwa na mtego. Alikuwa anapotea, na mimi niliyechunguza kila punje kwa muda wote huo sikumchunguza yeye hata kidogo, isipokuwa kutafuta ubaya.

Tukakaa. Nilimwambia nilichokiona mezani. Sikumwambia zile sekunde tatu. Akaniomba nimsaidie kuandika barua kwa polisi ya kurudisha leseni. Baruti tuliiteketeza uwanjani kwa mistari myembamba, kopo kwa kopo, vijiti, punje na vipande bapa. Iliwaka bila kelele. Bunduki yangu nami niliiuza mwaka huohuo.

Sasa anaishi katika nyumba ya wazee huko Nacka. Mmoja wa wanaomhudumia ni mama Mganda anayekuja kila asubuhi kutoka Husby, na mimi naye tunasalimiana kwa Kiswahili. Mara ya mwisho alinipokea mlangoni amechoka.

"Leo pia amekataa kahawa," akasema. "Eti tunataka kumuua. Bwana, huyu mzee ni wa kushuku-shuku sana."

Niliingia na thamosi. Ilikuwa yake ileile, yenye alama za grisi. Mzee alikuwa dirishani, na hakujua jina langu wala nilikotoka. Nilimimina kahawa mbele ya macho yake, akainua mkono kunikataza. Nikanywa mimi kwanza. Nikameza, nikamtolea ulimi.

Hakuipokea upesi. Alinikazia macho, mkono ukiwa hewani, akingoja kuona kama nitaanguka. Nilimwacha angoje. Nilikuwa nikidaiwa sekunde tatu, naye alichukua nyingi zaidi. Kisha akanyoosha kikombe chake.